Mlio Nilioyasingizia Mabati

Kilichoninyima usingizi si kwamba diski ya kompyuta yangu ilikuwa inakufa. Ni swali la lini ilianza kufa, na kwa nini mimi, mtu ninayerudi kukagua kufuli hata nikiwa nimeshafika barabarani, sikusikia.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, na chumba changu kule Buswelu nilikuwa nimekigeuza studio. Magodoro ukutani, maiki moja nzuri, kompyuta ya mezani sakafuni. Kwaya ya kigango chetu ilirekodi kwangu kidogo kidogo, leo sauti ya kwanza, kesho besi, maana chumba hakikuwatosha wote.

Jua likipungua, mabati ya nyumba yetu hulia: tak, tak. Anayeishi chini ya bati anaujua mlio huo. Kwa hiyo kila niliposikia tak kwenye rekodi niliifuta tu, nikaendelea na kazi.

Kisha asubuhi moja kompyuta ikachelewa kuwaka, na ilipowaka ikaniambia kuna mafaili haiwezi kuyasoma. Nikainama kuitegea sikio. Tak. Mvua ilikuwa ikinyesha, bati limepoa tangu jana yake.

Niliizima haraka, nikaogopa kuiwasha tena. Kila kuiwasha kungeweza kuwa mara ya mwisho. Lakini swali halikuniacha. Kwenye simu nilikuwa na rekodi ghafi nilizomtumia mwalimu wa kwaya, kabla ya kuzisafisha. Nikavaa spika za masikioni, nikazisikiliza kwa mfuatano. Wimbo wa kwanza, safi. Wa tatu, tak moja kati ya beti. Wa tano, nyingi, zimepishana sawasawa kama mtu anayehesabu. Bati halina mahadhi namna ile. Maiki ilikuwa imenipa taarifa wiki nzima, nami nikaifuta.

Kuna wimbo mmoja ambao simu haikuwa nao, wa mwisho. Aliuongoza mama mmoja wa sauti ya kwanza, na beti ya pili aliitunga mwenyewe. Baada ya kurekodi alivuka ziwa kwenda Sengerema kumlea binti yake aliyejifungua. Uzinduzi wa nyimbo ulikuwa Jumapili inayofuata.

Nikaazima laptopu ya dada yangu na diski ya nje. Nikaamua nikiwasha, wimbo ule utangulie kunakiliwa. Ulitoka. Nyingine zilipoanza kufuata, diski ikavuma, ikakwama, ikanyamaza kabisa.

Nikaufungua wimbo ule kwenye laptopu. Beti ya kwanza nzima. Beti ya pili ikaanza, mara ukaja mlio kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji, halafu kimya kirefu, halafu mama yule akarudi akimalizia "amina", kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuza picha ya sauti kwenye skrini nione shimo linaanzia wapi. Lilikata neno katikati. Nilishangaa kwamba uharibifu unaweza kuwa na kingo zilizonyooka hivyo.

Nikampigia mama yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti kama ya mgonjwa?"

Nikamweleza. Nyuma yake kichanga kililia.

"Si wewe uliyetuambia kompyuta haisahau? Ukanirudisha na kunirudisha, eti nimesahau neno!"

"Ni mimi, mama."

"Basi leo imesahau yenyewe." Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi siwezi kuvuka, mzazi bado hana nguvu. Itoe tu hiyo beti. Mungu anaijua."

Ruhusa nilikuwa nimepewa, lakini siku nzima nilikaa naichunguza. Alisema "itoe tu" kwa wepesi wa mtu asiyejali, au wa mtu anayenihurumia? Nilijaribu kuunganisha beti ya kwanza na kiitikio. Iliungana vizuri. Asiyejua asingegundua. Ila yeye siku ya uzinduzi angesikiliza kwa simu huko ng'ambo, akisubiri maneno yake, na wimbo ungempita.

Kesho yake nilifunga laptopu na maiki kwenye kanga, nikapanda kivuko.

Alinifungulia mlango akiwa na ndoo ya maji ya moto. "Wee! Umekuja kweli? Mtoto huyu hana dogo!"

"Nimeifuata beti, mama."

Tulichagua chumba cha kulala, kwa kuwa vitanda na nguo hupunguza mwangwi. Binti yake alikuwa amejilaza, kichanga kifuani. Nikaning'iniza kitenge dirishani. Mama akafuta mikono, akasimama mbele ya maiki, akalamba midomo.

"Na huyu akiamka katikati?" binti akauliza.

Nikaisogeza maiki karibu zaidi na mama. Nikabonyeza kurekodi.