Mkate wa Sista Mnadani

Juzi binti yangu alinipeleka kwenye mkahawa mmoja mjini akaniagizia mkate uliopasuliwa katikati, ndani soseji, juu nyanya zilizokatwakatwa na parachichi lililopondwa bila uchoyo. "Mama, jaribu, ni kitu kipya," akasema. Nilicheka mpaka mhudumu akageuka. Kitu kipya! Nilikula kitu hicho Sombetini nikiwa na miaka kumi, nimekaa juu ya gunia la unga kwenye bekari ya baba yangu. Kisha kicheko kikanikauka, na mkate wenyewe nikashindwa kuumaliza.

Wewe uliyekulia Arusha unakumbuka mkate ulivyotusumbua. Kabla ya enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, unga ulikuwa wa kibali cha serikali, na mkate wa baba, wenye gamba gumu na harufu ya moshi wa kuni, watu waliupangia foleni alfajiri wakiwa wamejifunika mablanketi. Baba alijifunza kuoka akiwa kijana, jikoni kwa mzungu mwenye shamba la kahawa, na tanuri alilijenga kwa mikono yake. Kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta makopo ya kuokea na kuzoa majivu. Mambo yalipofunguliwa, baba alishangilia kuliko wote. Unga tele, hamira tele! Masikini, hakujua kwamba mlango ukishaachwa wazi hauchagui wa kuingia. Ikaja mikate ya kiwandani, laini, imekatwa tayari, ndani ya nailoni inayong'aa. Foleni yetu ikafa. Jioni tukawa tunakula wenyewe mikate iliyobaki, tunaichovya kwenye chai, na baba anatutazama tu.

Mteja mmoja hakutukimbia: Sista, mtawa kutoka Chile aliyehudumu kwenye zahanati ya jirani. Alisema gamba lile gumu linamkumbusha kwao. Siku moja aliingia jikoni, akakunja mikono ya gauni lake, akatufundisha mikate ya nchi yake. Wa kwanza ni huo wa soseji na parachichi. Wa pili ulikuwa na nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, nyanya, pilipili, na maharage machanga ya kijani, yale yanayolimwa kule Nduruma. Mimi niliupenda ule wa soseji. Mkate unavunjika kwa mlio, parachichi linakuteleza mpaka kidevuni, halafu ndiyo soseji yenye chumvi inafika. Nilijilamba hadi viwiko. Baba alitafuna polepole, akafuta mdomo, akasema, "Huu utatuokoa. Usipotuokoa huu, nafunga."

Sasa, parachichi. Leo linapanda ndege kwenda kuuzwa Ulaya, lakini kwetu Meru wakati ule lilikuwa chakula cha nguruwe. Yaliyoanguka tuliyazoa kwa karai tukayamwaga bandani, na mbwa nao wakajisevia. Ni nani angetoa pesa yake kununua hilo kwenye mkate? Majirani walikuja, wakachungulia, wakaguna. Fundi viatu wa mbele yetu, mtu wa utani, akauliza kwa sauti, "Mzee, ukishatulisha hii, utatuchinja Krismasi?" Mtaa mzima ukacheka. Baba naye alicheka, lakini mikono yake ilikuwa imekamata meza.

Ndipo akapata wazo la mnada. Kama huujui mnada wa kanisani kwetu, ngoja nikuambie. Baada ya ibada waumini wanakusanyika nje, na sadaka za mazao zinauzwa: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maziwa. Anayeshinda anaweza kuondoka na kitu chake, au akasema, "Namrudishia Bwana," na kitu kinauzwa upya. Kuna yai moja nakumbuka liliuzwa mara nne bila kupasuka. Baba alisema watu wakigombania mkate wake mbele ya mchungaji, nani atauita tena chakula cha nguruwe? Jumapili hiyo tukapanda hadi usharika wa bibi, mama yake, kwenye miteremko ya Meru. Sinia lilikuwa na mikate sita, imefunikwa kitambaa cheupe nilichokipiga pasi mimi.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alifunua kitambaa, akainama kutazama vizuri. "Wapendwa, tuna... mikate. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Dakika chache kabla walikuwa wanarushiana bei za kabichi kama wamepagawa. Mzee akarudia. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa Kimeru, wote wawili wakaficha nyuso ndani ya khanga. Jua lilikuwa linawaka na parachichi lilianza kuwa jeusi pembeni. Nilitamani kupiga kelele kwamba ni tamu, nimekula, sikufa. Lakini mtoto hanadi, na shilingi yangu nilikuwa nimeshaitumbukiza kwenye kapu la sadaka ya watoto.

Kisha mkono wa bibi ukapanda. Alifungua fundo la khanga, akatoa alichokuwa nacho chote. Watu wakapiga makofi, baba akafumba macho, na mimi nikaanza kupumua. Bibi akasogea mbele, akaligusa sinia kwa heshima, akatangaza kwa sauti ya kujivunia, "Namrudishia Bwana!"

Ewe Mungu wangu. Alikuwa anatusaidia. Kwake kurudisha ndiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote, na aliturudishia sinia lile lile mezani, mbele ya watu wale wale. Mzee akanadi mara ya kwanza. Mara ya pili. Kuku akalia mahali. Mnada haufungwi kitu kikiwa mezani, kwa hiyo wote tulisimama pale. Mwishowe baba akanyoosha mkono, akanunua mikate yake mwenyewe.

Tuliila njiani tukiteremka, mimi na yeye. Ilikuwa mitamu bado, na hilo ndilo lililoniuma. Karibu na barabara kubwa akasema, "Bibi yako asiambiwe alichofanya."

Kabla ya mvua za masika tanuri lilizimwa, na baba akaenda kuokea hoteli ya watu. Sista alirudishwa kwao. Miguu ya bibi ilimkataa, hakushuka tena mjini, kwa hiyo habari zote alizipata kwetu. Kila tulipokwenda alimvuta baba karibu, akauliza, "Ule mkate niliouanzishia bei mimi, wanaununua?"

"Wananunua, mama," baba anajibu. "Wanapanga foleni."

Bibi anafurahi, anageukia kwangu nithibitishe. Nami natikisa kichwa: ndiyo. Mwaka hadi mwaka nilitikisa kichwa hicho, mpaka wiki aliyofariki.