Siku Tuliyoketi Nyuma ya Madiwani

Nakumbuka ziara yetu ya darasa la saba, mwanangu, ile ya somo la Uraia. Asubuhi tulizungushwa makumbusho pale mjini Arusha, tukasimuliwa habari za uhuru. Mchana mwalimu akatupeleka kwenye kikao cha madiwani. Kikao kile mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia akasikiliza, ila wengi hawajui, hata leo.

Diwani wetu alikuwa baba yangu mdogo. Nilijivuna, nikawaonesha wenzangu: yule pale, mwenye koti la kijivu. Kijijini kwetu, huku juu Meru, bomba lilikuwa limekauka, naye alikuwa ameahidi kutusemea. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja ya maji. Baba mdogo akatazama saa yake, akanyamaza, kikao kikaendelea.

Jumapili, kwenye mkutano wa kijiji, akasimama. "Ndugu zangu, maji nimeyapigania mpaka sauti ikanikauka."

Watu wakapiga makofi. Babu, baba yake mzazi, hakupiga. Akaniita mbele. "Ninyi wanafunzi si mlikuwepo? Alisema nini?"

Mama alinikazia macho ninyamaze, na baba mdogo nilimpenda, ndiye aliyeninunulia sare ya shule. Nikamgeukia. "Shikamoo, baba mdogo. Hukusema kitu."

Nyumbani mama alinigombeza, eti sina adabu. Babu akamkatiza: "Si kamwamkia? Au mlitaka amwamkie halafu atudanganye sisi?"

Kwetu mtoto humwinamia mkubwa, naye humwekea kiganja kichwani, ndiyo salamu yenyewe. Tangu siku ile baba mdogo akawa ananipita nimeinama vilevile. Iliniuma, sikufichi.

Kikao kilichofuata kijiji kizima kilikwenda kusikiliza, babu mbele. Safari hii baba mdogo alisema. Bomba lilichukua muda, lakini maji yalitoka. Jioni ya kikao kile alipita kwetu, nikainama bila matumaini. Akaniwekea kiganja kichwani, akakikawiza.

Basi, mwanangu, mkipelekwa ziara msirudi na picha za simu tu. Ingia vikaoni, sikiliza, na ukiulizwa ulichoona, kiseme kwa heshima, hata kama anayehusika ni wa damu yako. Atakununia. Wewe endelea kumwamkia.

Haya, sogea, inamisha kichwa. Mungu akupe kinywa kisicho na woga na moyo usio na kiburi.