"Nimekupenda" kwa Kiingereza

Fundi cherehani mmoja, ambaye wateja walimwita Mama Pindo kwa jinsi alivyopinda nguo bila mshono kuonekana, alikuwa na mkwe ambaye hakuwahi kuonana naye. Mwanawe wa pekee alioa ng'ambo, na bibi harusi hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila walipopigiana simu, kijana alikaa katikati kama mkalimani. Mama akitoa salamu ndefu, yeye anatafsiri kwa neno moja.

"Hapana," mama alimwambia siku moja. "Nitaongea naye mwenyewe."

Akajiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, Jumamosi mchana, kwenye chumba juu ya duka la rangi. Nyakati za vitenzi zilimtoa jasho. Mwishowe akajitungia kanuni: penye "li" au "me", kitenzi cha Kiingereza akivalishe mkia wa wakati uliopita, yaishe. Siku alipojiona ameiva, alimrekodia mkwe ujumbe wa sauti: "My daughter, I loved you."

Kesho yake mwanawe alipiga, sauti nzito. "Mama, kwani mmekosana? Mwenzangu analia tangu jana."

"Analia nini? Nimemwambia nimempenda!"

"Umemwambia ulimpenda. Zamani. Sasa basi."

Jumamosi Mama Pindo alimfuata mwalimu, binti wa rika la mwanawe, akamweleza kisa kizima. Mwalimu hakucheka.

"Mama, nikikwambia mtoto amelala, sasa hivi yukoje?"

"Si yuko usingizini!"

"Na suruali ya mteja imechanika?"

"Ina tundu. Mpaka niishone."

"Basi ndiyo hiyo 'me' yetu. Jambo limeanza nyuma, lakini bado tunalo. Ule mkia uliouweka unasema limekwisha. Wewe bado unampenda, kwa hiyo mwambie 'I love you', bila mkia."

Wiki nzima, mguu ukikanyaga cherehani, alikuwa akiyapima maneno: amechoka, amekasirika, ameshiba. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akisema mambo mawili kwa pumzi moja, kilichotokea na kilichobaki, wala hajui.

Jumapili alimpigia mkwe yeye mwenyewe. "I love you," alisema. "Now. Today."

Mkwe akaanza kuzungumza taratibu, akimchagulia maneno mepesi kama mtu anayemtolea mtoto miiba ya samaki. Mama yake mzazi alifariki yeye angali mdogo. Ndiyo maana ujumbe ule ulimchoma: alidhani amepoteza mama wa pili.

Alilitamka neno "died" kwa sauti ndogo, na Mama Pindo akalielewa papo hapo, bila kutafuta kanuni yoyote. Kiingereza chote kikamruka.

"Pole, mwanangu," alisema kwa Kiswahili. "Pole sana."

"Mama," mkwe aliitikia.

Wakabaki hivyo, wakisikilizana wakipumua, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.