Mkono Ulionifunga Mguu Baharini

Asifiwe Mungu aliyeifanya nchi kavu na bahari pia, akaniacha hai mpaka leo niwasimulie haya. Mimi ni mama wa kanisa, nimefunza watoto Biblia tangu sijaota mvi, na sina haja ya kudanganya katika umri huu. Lililonipata lilinipata kweli, tena mchana, jua likiwaka.

Tulikuwa akina mama wa Katelembo, kijijini kwetu bara, tumeenda kutembea pwani, wengi wetu hatujawahi kuona bahari. Asubuhi tulipanda mashua ya tanga. Nilikuwa na kiondo changu mapajani, kikapu nilichokuwa bado nakisuka, kwa maana sisi tunasuka popote tunapoketi, hata kwenye mazishi. Jirani yangu, Mama Mwikali, alitazama maji akatikisa kichwa.

"Maji yote haya yamekaa tu hapa," akasema, "na sisi kule tunaombea mvua kila Jumapili."

"Onja kwanza," nahodha akamwambia. Akaonja, akatema, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Nahodha alikuwa ametuonya tusisimame. Lakini niliona kamba ya tanga, nene, imesokotwa vizuri ajabu, nikataka kujua wameisokota namna gani. Ni nani aliyesuka maisha yake yote angeweza kukaa tu? Niliinuka kuigusa. Papo hapo mashua ikayumba, nanga iliyokuwa sakafuni ikateleza na ncha yake ikanichana mguu chini ya goti.

Damu ilitoka kama maji ya mfereji. Wenzangu waliweka leso, ikalowa, wakaweka nyingine. Nahodha alisema maji yamekupwa, hatuwezi kupita kwenye miamba mpaka yajae kidogo. Wakaanza kuomba kwa sauti. Mimi nilisikia sauti zao zikienda mbali, na baridi ikipanda kutoka vidoleni. Nilijua ninakufa.

Ndipo mama mmoja akaketi kando yangu. Alichota nyuzi za mkonge kutoka kwenye kiondo changu, akapandisha leso yake, akaanza kuzisokota juu ya paja, vile tunavyofanya sisi. Ila alisokota kwa mkono wa kushoto. Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu aliyesokota hivyo, naye ndiye aliyenifundisha kusuka: dada yangu Mbithe. Tulimzika miaka mingi iliyopita, na udongo nilitupa kwa mkono wangu.

"Kanini, tulia," akasema. Ni jina langu la utotoni, na hakuna mtu aliye hai anayeniita hivyo.

Je, niliogopa? Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi kama mtoto aliyefuatwa shuleni na mama yake mvua ikinyesha. Mikono yake ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Akafunga ile kamba aliyoisokota juu ya goti langu, akaikaza mpaka nikaguna.

"Mwana wa mwaitu," nikamwambia, ndiyo kusema mtoto wa mama yangu, "umekuja kunichukua?"

Akakitazama kiondo changu. "Nikuchukue na usukaji huu? Kule nilipo watanicheka. Angalia kimepinda."

Nikacheka. Mama Mwikali akanishika bega. "Unaongea na nani?" Nilipogeuka tena, palikuwa na mbao tupu.

Maji yalipojaa walinifikisha hospitalini, na daktari akauliza ni nani aliyefunga mguu. Akina mama wakatazamana, kila mmoja akidhani ni mwenzake. Alisema isingekuwa hiyo kamba, wangeleta maiti. Kisha akaikata kwa makasi akaitupa na pamba zenye damu. Nilipoomba nirudishiwe, alisema ni uchafu, nami nikalia kuliko nilivyolia nilipoumia.

Mguu ulipona, ila nachechemea, na baridi ya Julai ikiingia unauma usiku kucha. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni hamu. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshakubali kwamba Mbithe hayupo. Sasa nikisuka naacha nafasi kando yangu kwenye mkeka, bila kujijua.

Mwanamke mmoja wa soko la Katangi alisikia habari zangu. Akaniambia yuko mtu kule anayeweza kuita marehemu. "Mama, mtaongea mpaka mchoke," akasema, kwa upole kabisa. Nilivaa viatu nikashika njia. Nilifika mahali pa kungojea gari, nikasimama hapo na moyo wangu ukidunda kama wa msichana anayekwenda kuolewa.

Halafu nikajiuliza: baharini sikumwita. Alikuja mwenyewe, na aliyemruhusu ni Mungu anayejua kwa nini. Leo nikimwita mimi, ni nani atakayeitika kwa sauti yake?

Niligeuka nikarudi nyumbani, pole pole, nikilia njia nzima.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukimkumbuka mpendwa wako, mlilie, mtaje katika sala, simulia utani wake. Lakini usimwite, na usimfuate anayesema anaweza kumwita, hata akiongea kwa upole. Aliyekujia bila kuitwa, shukuru, umwache aende.

Mungu akulinde nchi kavu na majini, aifunge kila jeraha lako, na wale uliowazika awape pumziko jema mpaka siku atakayotukutanisha sote. Amina.