Baba na Rubani

Juzi helikopta ya mwanasiasa iliruka karibu na mapaa ya soko la Keroka, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni jikoni kwetu, moshi wa kuni mbichi ukiniwasha macho. Baba alikuwa amerudi kutoka vitani, ambako aliongoza ndege kwa redio akiwa mnarani. Helikopta ilipovuma juu ya shamba letu la majani chai, alinivuta ndani, akafunga mlango na kuuegemea.

"Usitue," alisema kwa upole. "Uwanja unashambuliwa. Endelea kuzunguka."

Nilidhani tunacheza, nikazunguka mafiga huku nikikohoa. "Nimezunguka, Baba. Nifungulie."

"Bado. Mafuta yamebaki kiasi gani?"

Nilitazama taa ya koroboi. "Yameisha."

Aliteleza taratibu hadi chini, bado ameuziba mlango, akalia.

"Baba Kerubo," Mama aliita kutoka nje, "mtoto anakosa hewa. Sogea kidogo tu."

Alisogea. Nilipokuwa mkubwa, Mama alinieleza kwamba kule vitani rubani mmoja alimjibu Baba vivyo hivyo, kwamba mafuta yameisha, naye Baba hakuwa na uwanja mwingine wa kumpeleka.  Siku ile Mama alinitoa nje hadi uani, kisha akarudi kwenye moshi kuketi naye.