Matundu ya Darini

Mpangaji aliyetutangulia katika nyumba ile alilala na hakuamka. Walipovunja mlango walimkuta amejifunika vizuri hadi kifuani, na jiko bado lina uvuguvugu. Alikuwa mwalimu, kijana, mgeni wa baridi kama mimi. Habari hii hakunipa mwenye nyumba. Nilipewa na mzee jirani siku nilipokwenda kwake kuazima ngazi.

"Unakwenda kuliangalia lililomuua mwalimu?" aliuliza, akidhani ninajua.

Tulihamia Mbinga wakati wa joto, na jiko lile hatukuwahi kuliwasha. Lilikaa kwenye kona ya chumba cha kulala: sanduku la chuma la kuni, na bomba la moshi lililopanda, likapenya dari la mbao na kutokeza juu ya bati. Alilitengeneza mume wa mwenye nyumba, ambaye sasa ni marehemu. Mke wangu alikuwa ameteremka Mbamba Bay kwa mama yake kujifungua, na Jumamosi ile walitakiwa kupanda na mtoto. Ilikuwa Juni, wakati ambapo ukungu wa huku hauondoki mpaka jua limepanda sana. Mama mkwe hakutaka. Alisema kwenye simu kwamba namwita mjukuu wake kwenye jokofu, na kwamba yeye alikuwa anajua samaki tu ndio hutunzwa hivyo. Mke wangu akamnyang'anya simu, akauliza kama jiko lile linafaa kuwashwa penye mtoto.

Nikamwambia nitalikagua kwanza.

Nilianzia chini. Sakafu ilikuwa ya saruji, ukuta wa tofali uliopigwa lipu, na jiko lilisimama mbali nao vya kutosha. Mlango wake ulifunga. Nikachoma majani mabichi ndani, nikatoka nje kutazama moshi. Juu ya bati ulitoka mwembamba, kama wa mtu anayevuta sigara kwa kujificha. Moshi mwingine ulikuwa unakwenda wapi? Ndipo nikaenda kuazima ngazi.

Darini nilikuta mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa kwenye fito kuzunguka bomba. Fukusi walikuwa wameyala hadi yamebaki maganda na unga. Upande wa bomba uliotazama mahindi ulikuwa umetobolewa kwa msumari, safu juu ya safu, na matundu yote yalikuwa bado yanafuka. Aliyeyatoboa hakuwa na haraka.

Nilielewa papo hapo. Huku mbegu huhifadhiwa juu ya moto wa jikoni, na moshi ndio dawa yake. Bomba linaloupeleka moshi nje linaitupa dawa. Mtu aliuonea huruma moshi. Ila hewa ya sumu ya moto wa kuni haina harufu, na mbao za dari zilikuwa zimeachana. Kupitia ufa mmoja niliona chini yangu kitanda, na kando yake chandarua kidogo nilichokwisha kukifunga.

Mwenye nyumba alikuja nilipomwita. Hakukana.

"Mbegu isipokula moshi inaliwa, baba. Ungepanda nini?"

Nilimwuliza kama matundu yalikuwapo enzi za mwalimu. Akasema hapana. Mume wake aliyatoboa baada ya msiba, wakati watu walipoikimbia nyumba.

"Ilikuwa tupu. Yangemdhuru nani?"

"Na mwalimu?"

"Mwalimu alilala tu," alisema, akaanza kuyateremsha mahindi yake, moja moja, kama bado yanafaa kupandwa.

Fundi wa kuchomelea alifunga bomba jipya, lisilo na tundu, akalizungushia bati pale linapopita kwenye mbao ili zisishike moto. Nikachoma majani tena. Safari hii moshi ulitoka wote nje, mzito. Nikampigia mke wangu kwamba waje.

Ijumaa nilirudisha ngazi. Mzee alitaka kujua nilichokiona, nikamweleza, pamoja na maneno ya mwenye nyumba. Akaacha kupalilia.

"Baada ya msiba wa mwalimu? Mwalimu ndiye aliyebeba msalaba tulipomzika mume wa yule mama. Nilikuwa nyuma yake."

Mke wake akadakia kutoka mlangoni: "Wewe hata mwaka tuliooana huukumbuki." Mzee akacheka, akasema labda alikuwa mwalimu mwingine. Nyumba ile imepangishwa kwa walimu wengi.

Kama mzee anakumbuka sawasawa, mume alitangulia, matundu yalikuwapo, na nimeliondoa lililoua. Kama mwenye nyumba anasema kweli, nimebadilisha bomba ambalo usiku ule lilikuwa zima, na sijui ni kitu gani ndani ya chumba kile kilimchukua mwalimu.

Walifika Jumamosi jioni. Pua ya mtoto ilikuwa ya baridi, na mke wangu alikwisha kupanga kuni ndani ya jiko, kiberiti mkononi, akinisubiri niseme neno. Nilimwomba angoje. Nikazunguka nyuma ya migomba ya mwenye nyumba, lilipo kaburi la mume wake. Msalaba ni wa mbao. Jina bado linasomeka. Chini yake, palipoandikwa mwaka wa kifo, mvua imekula rangi yote.