Sikio Upande wa Pili wa Gogo

Tangu alfajiri Wartini hakuweza kumeza hata uji. Gogo la mtiki lilikuwa limelala uani mwa duka, nene kuliko pipa, na muuzaji wake, Pak Sarpin, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akisubiri neno moja tu. Gogo hununuliwa likiwa zima. Ukishalikubali ni lako, hata msumeno ukikuta pango na matope ndani.

Kwa miaka kumi na tisa neno hilo alilitoa Wartini. Tajiri wao, Haji Mashudi, aligonga upande huu kwa kisogo cha shoka, naye Wartini alitega sikio upande wa pili. Alisema "Zima" au "Pango," kisha akarudi dukani kuwapimia wachongaji wa mji wa Jepara gundi na msasa, wala hakulifikiria tena. Haji hakujaliwa mtoto. Alipofariki wakati wa mvua, aliwaachia duka wafanyakazi wake watatu: Wartini, Kasmuri dereva na Rukanah muuza patasi. Hili lilikuwa gogo lao la kwanza, na akiba yote waliyoachiwa ingeishia humo.

"Haya, Mbak, dada yangu, tega," Kasmuri alisema, shoka mkononi.

Wartini akapiga magoti upande wa pili. Ko. Alichosikia ni moyo wake mwenyewe.

"Tena."

Ko.

"Tena, Kang, kaka yangu."

"Tajiri mpya huyo!" Sarpin akacheka. "Marehemu angekuwa kashamaliza kahawa yake. Mama, unanunua au unaposa?"

"Na wewe haraka ya nini?" Rukanah akamdaka. "Au gogo lako lina ugonjwa?"

Sarpin akageuza macho barabarani. Hilo likamtisha Wartini kuliko kicheko.

Alikumbuka gogo la mwaka mmoja alilolisema zima, likafunguliwa limeoza toka shina hadi ncha. Alilia nyuma ya marundo ya mbao. Kesho yake Haji alimwita kwenye gogo jingine.

"Pak, mzee wangu, jana nilikosea."

"Najua. Tega."

Leo alitamani amuulize marehemu hofu yake mwenyewe alikuwa akiificha wapi.

"Nikikosea je?" akawauliza wenzake.

"Nitauza lori, nikubebe mgongoni," Kasmuri alisema, lakini hakucheka. Wartini akautazama mkono wake. Mpini wa shoka ulikuwa umelowa jasho.

"Kang, unagonga kwa woga. Mlio unakatika. Jifute jasho."

Kasmuri akajifuta kwenye saruni yake. Ko. Safari hii mlio ulisafiri ndani ya mti, mkavu, mrefu, ukamfikia sikioni.

"Zima," alisema.

Hakukuwa na kurudi nyuma. Msumeno ukaanza kunguruma. Wartini akakinga kiganja chini ya gogo, unga wa mbao ukamwagika wa manjano, mkavu. Katikati ukaja mweusi. Rukanah akamshika bega hadi kucha zikamwingia. Wartini hakupumua. Mweusi, mweusi bado. Aliusugua kwa kidole gumba: haukuwa na unyevu wa kuoza. Ulikuwa mshipa tu, kama ilivyo kwa mitiki mingi. Kisha unga wa manjano ukarudi, na gogo likafunguka vipande viwili, limejaa mbao nzima, bila pango.

"Mbak, inuka," Kasmuri alimwita. "Wachongaji wameshafika."

"Ngoja kwanza," alisema. Alikuwa bado akiusugua unga kiganjani.